Ati wa Jangwa Hahitaji Maji? Wacheni Kutesa Mijusi kwa Ajili ya Video

Kuna sentensi moja nimeisikia sana mwaka huu, na kila nikiisikia natamani kurusha simu: "Huyu ni wa jangwa, hata maji hahitaji."

Wauzaji wanaisema. Wasee wa video wanaisema. Kuna mtu aliiandika chini ya klipu ya mjusi aliyekuwa amekauka kama omena, na watu wakamwekea moyo. Na ukiifikiria haraka haraka inaingia akilini. Jangwa ni kukavu, mjusi ametoka jangwani, basi mpe mchanga, mpe balbu, kazi imeisha.

Kazi haijaisha. Wacha nikupe msimamo wangu mapema ndio usisome hadi chini ukiutafuta: mjusi wa jangwa anahitaji maji, na anahitaji nyumba iliyofikiriwa vizuri kuliko hata paka wako. Kama huwezi kumpa hivyo vitu viwili, usimchukue. Hata ukipewa bure. Hata kama video yake itatazamwa na watu laki moja.

Nani ameniuliza?

Najua hilo ndilo swali la kwanza, kwa hivyo nalijibu. Mimi si daktari wa wanyama. Chuo niliacha mwaka wa pili, na hata kozi yenyewe haikuwa ya wanyama. Kazi yangu ni kutengeneza video na kuandika hapa. Lakini kuacha chuo si kuacha kusoma, na hii mada nimeisoma kwa sababu ilikuja kunitafuta kazini.

Jamaa mmoja aliniandikia na ofa. Atanipa mjusi wa bure, mimi nimtaje kwenye video tatu. Akanitumia picha. Kisanduku cha kioo kisichozidi ukubwa wa maikrowevu, mchanga wa mjengo chini, balbu nyekundu juu, na mjusi katikati ametulia tuli. Nikamuuliza bakuli la maji liko wapi. Akanipa ile sentensi. Nikamuuliza, sasa huyu akitaka kujificha anaenda wapi? Akanijibu, "Bro, akijificha hataonekana kwa kamera."

Nilikataa. Lakini lile jibu la pili ndilo lilinifanya niandike hii, kwa sababu lilikuwa la ukweli. Nyumba ya yule mjusi haikujengewa mjusi. Ilijengewa sisi tunaotazama.

Jangwa lina maji, ni wewe huyaoni

Tuanzie nyumbani. Kule Marsabit kuna jangwa la Chalbi. Ardhi nyeupe ya chumvi, upepo, jua la kupasua kichwa. Lakini pembeni yake kuna Kalacha, na Kalacha kuna chemchemi. Wagabbra wamechunga ngamia hayo maeneo vizazi na vizazi, na hakuna Mgabbra atakuambia hahitaji maji kwa sababu anaishi karibu na Chalbi. Anachokijua yeye ni maji yako wapi, ni mwendo wa siku ngapi, na mifugo yake itafika lini. Kuishi jangwani ni hiyo elimu.

Mijusi wa jangwa ni vivyo hivyo. Wao ni wataalamu wa kutafuta maji, na mbinu zao ni moto kuliko sinema yoyote.

Australia kuna mmoja mwenye miiba mwili mzima, jina lake la kisayansi ni Moloch horridus. Katikati ya magamba yake kuna mifereji midogo midogo. Akikanyaga mchanga wenye unyevu, au umande ukimwangukia, maji yanasafiri kwenye hiyo mifereji yenyewe hadi mdomoni. Yaani ngozi yake ndiyo paipu yake.

Huko huko Australia ndiko anatoka yule anayefugwa sana duniani, Pogona vitticeps, ambaye kwa Kiingereza anaitwa bearded dragon kwa sababu ya miiba ya kidevuni inayofanana na ndevu. Mimi nitamwita mjusi wa ndevu. Mvua ikinyesha, huyu ameonekana akiinua sehemu ya nyuma na kushusha kichwa ili maji yateleze mgongoni hadi mdomoni, halafu analamba. Mnyama asiyehitaji maji hawezi kuwa na mkao maalum wa kunywa mvua.

Halafu kuna wale wa mkia wa miiba wa Uarabuni na Afrika Kaskazini, Uromastyx. Kama una dada au binamu anafanya kazi Saudia au Oman, muulize kuhusu dhabb. Wenyeji wanamjua vizuri sana, wengine hata humla. Sasa dhabb ndiye yule muuzaji atakuonyesha kama ushahidi, kwa sababu ni kweli, porini ni nadra kumwona akinywa. Lakini angalia anafanya nini. Anakula majani, na majani mabichi sehemu kubwa ni maji. Ana tezi puani zinazotoa chumvi ya ziada, ndiyo maana utaona unga mweupe kwenye pua yake. Na jua likizidi anaingia kwenye shimo refu alilolichimba, ambako kuna ubaridi na unyevu kuliko juu. Dhabb anakunywa kupitia sahani na analinda maji yake kupitia nyumba. Mpe majani makavu na umnyime shimo, umemfungia mfereji pande zote mbili.

Na wa mwisho, leopard gecko, mjusi wa madoadoa kama chui. Huyu anatoka Pakistan, Afghanistan na sehemu za jirani. Watu humwekea mchanga mtupu wakidhani kwao ni kama picha za Sahara. Kwao ni mawe, vichaka na nyufa. Mchana amelala ndani ya ufa wenye unyevunyevu, usiku anatoka kuwinda. Mkia wake mnene ni akiba ya mafuta, haumfanyi kuwa tangi la maji.

Wanne hao, njia nne, na kitu kimoja kinawaunganisha. Kila mmoja anaishi kwa sababu anaweza kwenda mahali. Kwenye kivuli, shimoni, kwenye jani lenye umande, chini ya jiwe. Ukimweka kwenye kioo umemnyang'anya safari zote hizo. Kuanzia hiyo siku wewe ndio mvua yake, wewe ndio jua lake, wewe ndio shimo lake. Ukisahau wikendi moja, hana pa kwenda kutafuta.

Nyumba inavyofaa kuwa

Sasa tuje kwa nyumba. Mjusi hatengenezi joto la mwili wake kama sisi. Anapata joto kwa kuhama: akisikia baridi anaenda juani, akisikia moto anaenda kivulini. Kwa hivyo nyumba yake lazima iwe na upande wa moto na upande wa baridi. Mjusi wa ndevu anahitaji mahali pa kuota jua pafike nyuzi 38 hadi 42 hivi, na upande wa pili ubaki nyuzi 24 hadi 28. Dhabb anataka pa moto zaidi, hata kupita nyuzi 50 kwenye jiwe lenyewe la kuotea. Unaipimaje? Kwa kipimajoto, viwili, kimoja kila upande. Mkono wako si kipimajoto.

Na hapo ndipo kisanduku cha maikrowevu kinakataa. Ukiweka balbu kwenye kisanduku kidogo, kote kunakuwa moto. Hakuna upande wa baridi. Ni kama mtu akufungie kwa matatu saa nane mchana, madirisha yote yamefungwa, halafu akuambie si wewe unapenda jua.

Saizi? Mjusi wa ndevu akikomaa anafika sentimita 45 hadi 60 pamoja na mkia. Nyumba yake ya kuanzia ni sentimita 120 kwa 60, na kimo cha 60. Tafsiri ya mtaani: futi 4 kwa 2. Kama kitanda chako ni kile cha futi 4 kwa 6, mjusi mmoja anahitaji theluthi moja ya kitanda chako. Mmoja. Maana hawa hawaishi wawili wawili.

Taa ni mbili, si moja. Ile ya joto, na ile ya UVB. Kwenye jua kuna miale ya UVB, na mwili wa mjusi huitumia kutengeneza vitamini D3, ambayo inamsaidia kutumia kalsiamu. Akikosa, mifupa inalainika. Taya inakuwa kama mpira, miguu inapinda, anaanza kutetemeka. Si jambo la usiku mmoja. Ni miezi, polepole, mbele ya macho yako. Ile balbu nyekundu ya yule jamaa haitoi UVB hata kidogo. Na usiniambie utamweka dirishani, kwa sababu kioo cha kawaida kinazuia sehemu kubwa ya hiyo miale. Isitoshe tangi la kioo likipigwa na jua moja kwa moja linageuka oveni. Hata taa nzuri ya UVB inachoka ndani kabla haijazimika, kwa hivyo inabadilishwa kila baada ya miezi 6 hadi 12. Inawaka, wewe unaona mwanga, mjusi hapati kitu.

Mawe ya umeme ya kupasha joto, achana nayo. Mijusi hawasikii moto wa tumboni haraka, na wengi wamechomeka wakiwa wamelalia hayo mawe. Mchanga mtupu nao, hasa kwa mdogo, anaumeza na chakula na unaweza kumziba tumbo. Kigae cha sakafu, jiwe bapa au udongo ulioshikana ni salama zaidi kuanzia. Na maficho lazima yawe angalau mawili, moja upande wa moto, lingine upande wa baridi. Ukiweka moja tu umemlazimisha achague kati ya usalama na joto.

Usiku taa zote zizimwe, hata nyekundu. Jangwani kuna usiku pia.

Maji sasa

Hii sehemu nataka uihifadhi.

Bakuli liwe la kina kifupi, zito lisipinduke, na liwekwe upande wa baridi. Maji yabadilishwe kila siku, kwa sababu mjusi ataingia humo na atajisaidia humo bila aibu. Bakuli lioshwe mbali na vyombo vyako. Reptilia hubeba bakteria wa salmonela hata wakiwa wazima kabisa, kwa hivyo nawa mikono kwa sabuni kila ukimshika, na mtoto mdogo wa nyumbani asimbusu kwa ajili ya picha.

Mijusi wengine hawatambui maji yaliyotulia. Anapita kwenye bakuli kama haoni kitu, na wewe unasema, si nilikuambia hahitaji? Jaribu hii: chukua maji kidogo, dondosha tone moja moja kwenye ncha ya pua yake. Wengi huanza kulamba palepale. Wengine hunywa ukinyunyizia majani wanayokula, au ukiwaweka kwenye beseni la maji ya vuguvugu yasiyopita kimo cha viwiko vyao, na wewe umekaa hapo hapo bila kuingia TikTok.

Kwa mjusi wa madoadoa, tengeneza pango lenye unyevu. Haihitaji pesa. Chukua mkebe wa plastiki wa mafuta ya kupikia, uoshe vizuri, utoboe mlango wa kumtosha, ulainishe kingo zisimkate, halafu ndani weka tishu za jikoni zilizoloweshwa na kukamuliwa. Zibadilishe kabla hazijaota ukungu. Hapo ndipo ataenda akitaka kujivua gamba. Akikosa unyevu, ngozi ya zamani inabaki imekwama vidoleni kama uzi, inabana damu isipite, na kidole kinakufa. Ukiona video ya mjusi wa aina hii ana vidole pungufu, usiulize alipigana na nani. Angalia kama kuna pango lenye unyevu hapo nyuma.

Dalili za kiu ni hizi: macho yamezama, ngozi imekunjamana, mate mazito ya kuvutika, hali vizuri. Angalia pia kinyesi. Mijusi hawakojoi kama sisi, mkojo wao hutoka kama kitu cheupe kando ya kinyesi. Kile cheupe kikiwa kikavu sana kama chokaa, au cha njano au rangi ya chungwa, mara nyingi ni ishara maji hayamtoshi. Kiu ya muda mrefu inaharibu figo na inaweza kuleta jongo, ule ugonjwa wa viungo kuvimba na kuuma. Na hapa ndipo nachukia ile sentensi kabisa. Mjusi wa jangwa anajua kubana maji, kwa hivyo anaweza kuteseka wiki nyingi akionekana yuko sawa. Ule uvumilivu wake ndio unatumiwa kama ushahidi dhidi yake.

Lakini usigeuze nyumba kuwa Mombasa mwezi wa Mei. Mjusi wa ndevu anataka hewa yenye unyevu wa asilimia 30 hadi 40 hivi. Ukinyunyizia tangi lote kila saa na hewa haitembei, utampa shida ya mapafu. Maji yawe mahali pake, na pengine pakauke. Ndivyo jangwa lilivyo.

Anacheka, anapunga mkono, anadansi

Sasa niongee na wenzangu wa kamera.

Ile video ya mjusi wa ndevu akiinua mkono mmoja na kuupunga polepole, na tunaweka maandishi "anawasalimia". Hiyo ni ishara ya kujisalimisha. Anamwambia aliye mbele yake, mkubwa, sitaki vita. Mara nyingi aliye mbele yake ni wewe na simu yako.

Ile ya mdomo wazi chini ya taa, "anacheka". Anapunguza joto. Kama ana upande wa baridi wa kuhamia, sawa, ni kawaida yake. Kama hana, umepiga picha ya mtu anayehema kwa joto ukamwandikia utani.

Ile ya kujisugua kwenye kioo, anapanda anaanguka, anapanda tena, na mziki juu yake, "anadansi". Anatafuta njia ya kutoka.

Ile ya wawili, mmoja amemlalia mwenzake mgongoni, na mioyo kibao, "wanapendana". Aliye juu amechukua nafasi ya joto na taa, aliye chini amebanwa. Huo ni ubabe, kama ule wa kitanda cha juu bweni.

Mbwa ukimwacha na kiu atabweka jirani akusikie. Paka atakutoboa masikio. Mjusi mwenye kiu hana sauti ya kulalamika. Sauti yake ni hiyo tunayoifanyia utani. Na hatuwezi kusema hatukujua, kwa sababu hizi habari ziko wazi kwa simu ile ile tunayorekodia.

Piga hesabu ya bedsita

Tuseme una moyo mzuri na unataka kufanya vizuri. Piga hesabu na mimi.

Balbu moja ya wati 100 ikiwaka saa 12 kwa siku inakula uniti 1.2. Kwa mwezi ni uniti 36. Hiyo ni taa ya joto peke yake, bado ya UVB. Wangapi wetu hununua tokeni za shilingi 100 na kuomba zifike Ijumaa?

Halafu Nairobi si jangwa. Julai usiku joto linaweza kushuka hadi karibu nyuzi 10, na mchana wingu limelala juu ya mji kama blanketi. Mjusi akikosa joto chakula kinakaa tumboni bila kusagwa. Na stima ikipotea? Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima ililala gizani. Wewe ulilalamika simu imezima. Mjusi aliye ndani ya kioo hana shuka.

Mjusi wa ndevu akitunzwa vizuri anaishi miaka 10 hadi 15. Yule wa madoadoa anaweza kufika 20. Una miaka 19 sasa. Utahama nyumba mara ngapi kabla ya kufika 34? Landilodi atakubali? Mama akiambiwa amkae naye kidogo ukienda kutafuta kazi Qatar, atakubali? Na akiugua, ni daktari gani utampelekea? Madaktari wetu wengi wamezoea ng'ombe, kuku na mbwa. Tafuta anayejua reptilia kabla hujamtafuta mjusi.

Na huyo wa ukutani?

Kuna msee atasema, basi sitanunua wa nje, nitashika yule wa hapa. Yule mwenye kichwa cha rangi ya chungwa na mwili wa buluu anayepiga pushapu kwenye mawe. Au yule Agama mwanzae wa upande wa Mara, mwekundu na buluu, ambaye dunia nzima inamfananisha na Spider-Man.

Hapo unagusa sheria. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 haiongelei ndovu na simba pekee. Kufuga mnyamapori bila kibali ni kosa, na kuleta wa kutoka nje kunahitaji vibali pia. Kama unadhani hakuna anayejali wadudu wadogo, kumbuka 2025. Vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa Naivasha na sisimizi malkia kama 5,000, wamepangwa ndani ya vijibomba vyenye pamba ili wasafiri wakiwa hai. Walipigwa faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au miezi 12 jela. Hao walikuwa sisimizi. Mjusi utamficha wapi?

Lakini mimi sitaki uogope KWS tu. Nataka uone kwamba yule mjusi wa ukutani tayari anafugwa na mtu anayejua kazi. Jua analo, jiwe analo, ufa wa kuingia anao, mvua inamfikia. Kazi yako wewe ni kuja na simu. Kaa mita tatu, ukute sauti, subiri. Utapata pushapu, utapata vita vya madume, utapata rangi zikibadilika. Hiyo klipu hakuna aliyelipia kwa figo zake.

Ati watu hawana unga

Komenti ya mwisho naijua: "Watu hawana unga na wewe unaongea mijusi." Nimeielewa. Bei ya unga naijua, naununua mwenyewe. Lakini hakuna aliyelazimishwa kununua mjusi kwa sababu ya njaa. Huyu mnyama huletwa nyumbani kwa hiari, kwa pesa ya ziada, ili tuonekane tuko tofauti. Kama pesa ya kumnunua ilipatikana, ya bakuli na taa ni sehemu ya bei. Ukinunua nusu ya kitu kilicho hai, nusu ile nyingine inalipwa na yeye.

Na sisemi hakuna Mkenya anayeweza kumfuga vizuri. Wapo wenye nafasi, stima ya uhakika, vibali na subira. Nikimwona mmoja wenu ana tangi la futi 4, vipimajoto viwili, pango, taa ya UVB yenye tarehe imeandikwa kwa kibandiko, na maji ya leo, nitasambaza video yake mimi mwenyewe bila kulipwa. Hata kama nusu ya video mjusi amejificha. Hasa kama amejificha.

Kwa hivyo nawaomba vitu vitatu. Ukitumiwa ofa ya mnyama wa bure, omba picha ya nyumba yake kwanza. Ukiona klipu ya mjusi kwenye kioo, usiulize anaitwa nani, uliza bakuli liko wapi. Na mtu akikuambia wa jangwa hahitaji maji, mwambie aende Chalbi na chupa tupu, akae huko hadi Jumatatu, halafu aturudie na majibu.

Wewe una msimamo gani? Umewahi kuona mjusi wa kufugwa huku kwetu, na alikuwa na maji? Niandikie. Nasoma zote, hata za matusi.